Sinapsi ikipiga kazi muda mrefu, glutamini ndo inailisha

Ukitaja glutamini mjini hapa watu wanawaza makopo ya gym. Unga mweupe, kijiko kimoja baada ya kunyanyua vyuma, na jamaa mmoja pembeni anakuhakikishia misuli haitauma kesho. Sina ugomvi na watu wa gym, mdogo wangu mwenyewe ni mmoja wao na kopo lake linakaa juu ya friji kwa mama, ila mi kila nikiliona nawaza kazi nyingine kabisa ya hiyo glutamini, ile inayofanyika ndani ya kichwa na ambayo haijaandikwa kwenye lebo yoyote. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, iko ndani ndani huku pembeni karibu na usawa wa masikio, moja kushoto moja kulia, ndo inayokuwezesha kukumbuka jana ulikula wapi na pikipiki umeipaki upande gani wa soko. Sasa hiyo hipokampasi haiwezi kuendelea kurusha ujumbe kwa kasi kwa muda mrefu bila kuletewa glutamini, na anayeileta ni seli jirani ambazo kwa miaka mingi wanasayansi walizichukulia kama vile ni za kujazia nafasi tu.

Hapo kwenye "muda mrefu" naomba tukae, kwa sababu mabishano yote nitakayoyaeleza huku chini yanazunguka hapo hapo.

Tuanze na glutameti, maana bila hiyo glutamini haieleweki. Nyuroni, yaani zile seli za ubongo zinazotumiana ujumbe, nyingi za hipokampasi zinaongea kwa glutameti. Nyuroni ikisisimka, msukumo wa umeme unakimbia kwenye akzoni, ule uzi wake mrefu, mpaka kituo cha mwisho ambako kuna vifuko vidogo mno vimejaa glutameti, kifuko kimoja kina molekuli elfu kadhaa. Kifuko kinagandana na ukuta wa seli, kinafunguka, glutameti inamwagika kwenye mwanya wa kama nanomita 20 hivi, inagusa vipokezi vya nyuroni ya upande wa pili na yenyewe inasisimka. Hiyo ndo sinapsi ya kusisimua, na ndo sinapsi nyingi zaidi ulizonazo kichwani.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba glutameti ilijulikana zamani sana kabla mtu yeyote hajaiwazia ubongo. Mjerumani Heinrich Ritthausen aliitoa kwenye protini ya ngano mwaka 1866. Mjapani Kikunae Ikeda akaikuta kwenye supu ya mwani mwaka 1908, akagundua ndo inayoipa ile ladha nzito, na mpaka leo unaila kwenye vile viungo vya unga vya kwenye pakiti ambavyo mama ntilie wanavimwaga kwenye mchuzi bila huruma. Mwaka 1954 Takashi Hayashi, naye Mjapani, akaripoti kwamba ukiiweka moja kwa moja kwenye ubongo wa mnyama anapata degedege. Na bado watu hawakukubali kirahisi kwamba hii ni kemikali ya mawasiliano, kwa sababu iko kila mahali, kila seli inayo, inatumika kujenga protini na kuendesha mambo ya nishati, sasa iweje tena ndo iwe ya kutuma ujumbe? Ilichukua miongo kadhaa mpaka ubishi ukaisha. (Kabla hujaogopa mchuzi: glutameti ya chakula nyingi inaishia kutumiwa na utumbo wenyewe, na inayofika kwenye damu inazuiwa na ule ukuta kati ya damu na ubongo.)

Sasa huo ukuta unaokulinda ndo unaleta tatizo letu. Kama glutameti ya kwenye damu haipiti, nyuroni inaitoa wapi ya kwake? Jibu la haraka ni sukari, si ubongo unakula glukosi? Ni kweli unakula, tena sana, ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati. Ila kuvunja glukosi upate nishati ni kitu kimoja, na kuchomoa kipande cha kaboni katikati ya mzunguko wa Krebs, ile mfululizo ya kemikali inayoipa seli nishati, ukakifanya glutameti ukaitupa nje ni kitu kingine. Kila ukichomoa kipande mzunguko unapungukiwa, lazima urudishie. Enzaimu inayofanya kazi ya kurudishia kwenye ubongo ni pairuveti kaboksilesi, na miaka ya 80 watafiti walionyesha kwamba hiyo enzaimu kwa sehemu kubwa iko kwenye astrosaiti, nyuroni karibu hazina. Yaani nyuroni inayoongea kwa glutameti kutwa nzima haina uwezo wa maana wa kutengeneza glutameti mpya kuanzia sifuri. Mi nikifikiria hii huwa naona ni mpangilio wa ajabu, seli inayoringa kuliko zote mwilini imekosa karakana ya bidhaa yake yenyewe.

Astrosaiti ndo hao majirani. Zina umbo la kama nyota yenye matawi mengi laini, na matawi hayo yanajipenyeza katikati ya sinapsi. Kwenye hipokampasi ya panya, eneo la CA1, Ventura na Harris mwaka 1999 walipima kwa mikroskopu ya elektroni wakakuta asilimia 57 ya sinapsi zina tawi la astrosaiti limezigusa, na astrosaiti moja tu inakadiriwa kuhudumia eneo lenye sinapsi zaidi ya laki moja. Glutameti ikishafanya kazi yake kwenye mwanya, astrosaiti ndo inayoifyonza, kupitia protini za kusafirishia ambazo maarufu zaidi inaitwa GLT-1. Hii protini ni nyingi kiasi kwamba inakadiriwa kuwa karibu asilimia 1 ya protini zote za ubongo. Kila molekuli ya glutameti inaingia ikisindikizwa na ioni tatu za sodiamu na protoni moja, huku ioni moja ya potasiamu ikitoka. Kazi ya gharama, lakini hamna mchezo hapo: mwaka 1997 kundi la Tanaka kule Japani lilitengeneza panya wasio na GLT-1, panya wale walipata degedege na wakafa.

Haya, astrosaiti imeshaifyonza glutameti, imejaza ndani. Kwanini isiirudishe tu kwa nyuroni kama ilivyo?

Hapo ndo mfano wa soda za chupa unanisaidia, zile za kwenye kreti. Muuza duka hakurudishii soda uliyokunywa, anachukua chupa tupu, inaenda kiwandani, inarudi imejazwa na kufungwa kizibo, na inasafiri barabarani ikiwa na kizibo ili isimwagike njiani. Glutameti ikipita nje ya seli bila kizibo itagusa vipokezi vya kila nyuroni inayokutana nayo na ubongo mzima utaanza kupiga kelele. Kwahiyo astrosaiti inaiwekea kizibo, yaani inaongeza amonia kidogo kwa kutumia ATP moja, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, inapatikana glutamini. Na glutamini haisisimui chochote, vipokezi vya glutameti haviijui kabisa. Ndo maana kwenye maji ya ubongo glutamini inaweza kuelea kwa kiwango cha kama nusu milimola kwa lita bila shida yoyote, wakati glutameti hapo nje inatakiwa iwe chini ya hapo mara mamia au hata maelfu, na ndani ya vile vifuko imerundikwa mpaka karibu milimola 100. Tofauti kati ya hizo molekuli mbili ni ndogo mno, ni pale tu OH ilipobadilishwa ikawa NH2, basi.

Enzaimu inayofunga kizibo ni glutamini sinthetesi. Hans Krebs, yule yule wa mzunguko, alionyesha mwaka 1935 kwamba tishu za wanyama zinaweza kutengeneza glutamini kutoka kwenye glutameti na amonia. Miaka zaidi ya 40 baadaye, Norenberg na Martinez-Hernandez wakapaka kingamwili kwenye ubongo wa panya ili waone enzaimu hiyo imekaa wapi, wakaikuta kwenye astrosaiti. Kwenye nyuroni hakuna. Nyuroni yenyewe inayo enzaimu ya kufungua, glutaminesi, iko kwenye mitokondria, inaondoa ile amonia na glutamini inarudi kuwa glutameti, inapakiwa kwenye kifuko, kazi inaendelea. Glutamini inatoka kwenye astrosaiti kupitia msafirishaji anaitwa SN1, ambaye Chaudhry, Reimer na wenzao walimchambua mwaka 1999 (shika hilo jina la Reimer, atarudi), na ina njia zake za kuingilia kwenye nyuroni. Ndo mzunguko wa glutameti na glutamini huo, uko kwenye kila kitabu cha baiokemia, mshale huku mshale kule, duara safi kabisa.

Na hapo ndo tatizo la vitabu. Duara likishachorwa vizuri watu wanaacha kuuliza kama kweli sinapsi inalitegemea.

Ushahidi wa zamani zaidi wa kwamba kuna kitu hapo ulitoka mahali ambapo hakuna mtu angetafuta, kwenye mkate. Kuanzia miaka ya 1920 viwanda vya unga Uingereza na Marekani vilikuwa vinatumia gesi ya trikloridi ya nitrojeni kuufanya unga wa ngano uwe mweupe na ukandike vizuri. Wakati huo huo mbwa walikuwa wanapata ugonjwa wa ajabu, mbwa anakaa vizuri tu, ghafla anaanza kukimbia ovyo, anabweka, anagonga vitu, anaanguka na degedege. Mwaka 1946 Edward Mellanby akaonyesha kwamba ukiwalisha mbwa unga uliopitishwa kwenye ile gesi wanaugua, ukiwalisha unga usiopitishwa hawaugui. Wakemia wakachimba, wakaipata sumu yenyewe: gesi ile inabadilisha asidi amino ya methionini kwenye protini ya ngano inakuwa methionini sulfoksimini, MSO kwa kifupi. Unga wa namna ile ukaachwa. Na MSO ilipochunguzwa zaidi ikaonekana inaziba glutamini sinthetesi, inaingia kwenye ile enzaimu na kung'ang'ania. Yaani mbwa walikuwa wanazimiwa kiwanda cha glutamini kwa kulishwa mkate, na tangu hapo MSO imekuwa chombo cha kila maabara inayouliza swali letu.

Kundi la Marie Gibbs kule Australia, kwa mfano, waliitumia kwa vifaranga wa siku moja. Kifaranga anapewa shanga yenye ladha chungu, anadonoa mara moja, anakunja sura (kama kifaranga ana sura ya kukunja), na akiiona tena baadaye anaikwepa. Mwaka 1996 wakaripoti kwamba ukimchoma MSO kwenye ubongo, somo halikai, kumbukumbu haijikazi, anaidonoa tena kama hajawahi kuiona. Mi nauona ni ushahidi mzuri wa kumbukumbu lakini hauko karibu na sinapsi, maana MSO kwenye mnyama mzima inaharibu vitu vingi kwa pamoja, amonia inapanda, astrosaiti zinavurugika, sasa utajuaje kilichopoteza somo ni kukosa glutamini kwenye kituo cha mwisho cha akzoni na sio fujo nyingine yoyote?

Ndo maana watu wakarudi kwenye slaisi. Kama hujawahi kuona slaisi ya hipokampasi ngoja nikueleze, maana ni moja ya vitu vizuri sana kuviona maabara. Ubongo wa panya unatolewa haraka unaingizwa kwenye maji ya chumvi ya baridi karibu ya barafu, unagandishwa na gundi kwenye kibao, na wembe unaotetemeka unapita taratibu mno unakata vipande vya unene wa kama mikromita 400. Kipande kinaelea, kinapita mwanga, na hata kwa jicho unaona ule mkunjo wa hipokampasi umejipinda ndani. Kinawekwa kwenye kijisahani, maji yanapita juu yake yakipulizwa gesi ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, mapovu yanasikika chumba kizima. Unashusha waya mmoja kwenye nyuzi zinazotoka CA3 kwenda CA1, zile zinaitwa kolaterali za Schaffer, unashusha pipeti ya kioo kwenye eneo zinakoishia, unapiga umeme kidogo, na kwenye skrini unaona mstari unashuka chini na kurudi juu. Ule mshuko ni sinapsi maelfu zimejibu kwa pamoja. Kipande kinaweza kukaa hai masaa mengi.

Na angalia kitu kimoja hapo: maji ya kawaida ya slaisi yana chumvi na glukosi, ila kwa desturi hayawekwi glutamini. Kichwani maji yanayozunguka seli yana glutamini kibao, kwenye kijisahani hakuna. Na slaisi inaishi tu, inajibu tu.

Mwaka 2007 Kaiwen Kam na Roger Nicoll wa chuo kikuu cha California pale San Francisco wakalichukua swali hilo kwa ukali. Nicoll sio mtu wa kuokota, ni mmoja wa watu wanaoheshimika zaidi duniani kwenye masuala ya sinapsi za hipokampasi. Wakauziba mzunguko, wakapima, na mawasiliano ya kusisimua yakaendelea. Kichwa cha ripoti yao kilisema wazi kabisa kwamba mawasiliano hayo yanaendelea bila kuutegemea mzunguko wa glutameti na glutamini. Kwa watu waliokuwa wamelifundisha lile duara miaka nenda rudi hii ilikuwa inauma, na kuna waliotoka hapo wakisema mzunguko ni hadithi ya vitabu tu.

Mimi nadhani Kam na Nicoll walipima vizuri, ila sinapsi zao zilikuwa na akiba. Nyuroni ina glutameti nyingi ndani, milimola kadhaa kwa lita, na kumbuka hiyo glutameti inatumika pia kwa shughuli nyingine za seli, kwahiyo kuna ghala la kuchota. Ukiwa na ghala na mahitaji sio makubwa, unaweza kumfukuza anayekuletea mzigo na usione tofauti kwa muda mrefu tu.

Kundi la Stanford likaja na jibu mwaka 2014 kwenye jarida la Neuron, Tani ndo wa kwanza kwenye orodha, na ndani yake wamo Huguenard na yule yule Reimer wa SN1. Walichofanya ni kitu cha ujanja. Kwanza wakazikata kolaterali za Schaffer, yaani wakatenganisha vituo vya mwisho vya akzoni na miili ya nyuroni iliyoko mbali, ili hata kama mwili wa seli una akiba isiweze kuwa msaada. Kituo kimebaki peke yake na jirani yake astrosaiti. Halafu badala ya kupiga umeme mmoja mmoja kwa utaratibu wa pole pole, wakabadilishana: kipindi cha kupiga mara 20 kwa sekunde, kisha kipindi cha mapumziko, pigo moja kila sekunde tano, kisha tena 20 kwa sekunde, kisha mapumziko, hivyo hivyo.

Na hapo ikaonekana. Majibu yakaanza kupungua, na yakapungua kwa sababu glutameti inayotolewa imepungua. Wakiweka MSO kuzima glutamini sinthetesi ya astrosaiti, upungufu unakuwa mkubwa zaidi. Wakiongeza glutamini kwenye maji, upungufu unarudi nyuma, au kama wameiweka mapema hautokei kabisa. Halafu wakafanya kitu ambacho mi ndo nakipenda kuliko vyote, waliacha mapigo ya kubuni ya maabara wakatumia mpangilio wa mapigo uliochukuliwa kutoka kwa mnyama hai, na kwa mpangilio huo wa asili utegemezi ukaonekana vile vile.

Kwanini nakipenda? Kwa sababu hipokampasi kwenye maisha halisi haifanyi kazi kwa pigo moja kila sekunde tano. John O'Keefe alikuta tangu mwaka 1971 kwamba hipokampasi ya panya ina nyuroni zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani tu, akipita kwenye kona ile nyuroni ile inafyatua mfululizo, akitoka inanyamaza, inakuja nyingine (kazi hiyo ilimpa Nobel mwaka 2014, mwaka huo huo wa utafiti wa Stanford, imetokea tu). Panya anatembea, anarudi, anapita tena kona ile ile, na kila akipita sinapsi zile zile zinapigishwa kazi. Kwahiyo slaisi iliyotulia kwenye kijisahani inakuonyesha hipokampasi ikiwa imekaa, na ukimuuliza mtu aliyekaa kama anahitaji maji atakwambia hapana. Mi sioni kama 2007 na 2014 wanapingana kihivyo. Walipima kazi tofauti.

Lakini hata baada ya Stanford wapinzani walibaki na neno moja zuri: sawa, mkifukuzia akzoni iliyokatwa kwa mapigo ya nguvu inachoka, hiyo inatuambia kuhusu hali ya kupitiliza, labda kuhusu kifafa, je ubongo mzima wenye afya ukiwa unafanya mambo yake ya kawaida? Na hakuna aliyekuwa ameiona glutamini yenyewe ikihama, kila kitu kilikuwa cha kukisia kwa kuziba huku na kupima kule.

Jibu lilitoka Paris mwaka 2022, kwenye Nature Communications, Giselle Cheung na wenzake kwenye kundi la Nathalie Rouach wa Collège de France. Walitengeneza glutamini yenye kung'aa, wakaifuatilia kwenye seli hai, na wakaiona ikitoka kwenye mtandao wa astrosaiti kwenda kwenye vituo vya nyuroni, na inaenda zaidi sinapsi zikiwa na kazi. Hili la "zaidi sinapsi zikiwa na kazi" ni kubwa kuliko linavyosikika, maana yake astrosaiti haimwagi glutamini ovyo ovyo, inaitikia. Na mlango waliouona unahusika haukuwa SN1 wa kwenye vitabu, ulikuwa konesini 43, protini ambayo astrosaiti zinaitumia kuunganika zenyewe kwa zenyewe na pia kufungua vijitundu kwenda nje. Wakiuvuruga huo mlango, mawasiliano ya sinapsi yanadorora hata kwenye shughuli za kawaida, na panya wanashindwa mtihani rahisi wa kumbukumbu: unamwonyesha vitu viwili, baadaye unabadilisha kimoja, panya mzima anaenda kunusanusa kile kigeni kwa sababu cha zamani anakikumbuka. Hawa hawakitofautishi.

Hapa ndo mdogo wangu anauliza, kwahiyo kopo langu linanisaidia kukumbuka? Hapana bwana. Glutamini ni asidi amino huru iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, misuli yako inaitengeneza, na ubongo unatengeneza ya kwake kiasi kwamba kwa kawaida unatoa glutamini kwenda kwenye damu kuliko unavyoipokea, ndo njia yake ya kuondoa nitrojeni iliyozidi. Shida ya sinapsi iliyochoka haiko kwenye jumla ya glutamini mwilini, iko kwenye nanomita chache kati ya tawi moja la astrosaiti na kituo kimoja cha akzoni, na ndani ya sekunde chache. Kijiko hakifiki huko.

Kuna jambo moja bado halikai sawa na ukisoma kwa makini utakuwa umeshaliona. Kama kuzima glutamini kunainyima sinapsi ya kusisimua chakula, ubongo ungetakiwa unyamaze. Lakini mbwa wa Mellanby hawakunyamaza, walikimbia na kubweka na kuanguka na degedege. Na mwaka 2004 Tore Eid na wenzake waliandika kwenye Lancet kuhusu hipokampasi za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya kifafa cha upande wa masikio kisichosikia dawa, wakakuta glutamini sinthetesi imepungua sana mahali pale pale kifafa kinapoanzia. Imepungua, na kifafa kipo. Inakuwaje?

Sehemu ya jibu ni kwamba astrosaiti isiyoweza kuifanya glutameti iwe glutamini inabaki na glutameti nyingi ndani, na nje inaweza kuzidi pia, hiyo ndo tafsiri aliyoipendekeza Eid. Ila sehemu ya pili ndo inayonivutia zaidi. GABA, kemikali ya kutuliza, ile inayozifunga breki nyuroni, nayo inatengenezwa kutokana na glutameti, hatua moja tu mbele. Kwahiyo nyuroni za kutuliza nazo ziko kwenye foleni ile ile ya glutamini, na hizi ni nyuroni zinazofyatua kwa kasi kubwa. Liang, Carlson na Coulter walionyesha mwaka 2006, kwenye CA1 hiyo hiyo, kwamba GABA inayotolewa inapanda na kushuka kufuatana na huo mzunguko. Halafu mwaka 2010 kundi la Coulter pale Philadelphia, Ortinski akiongoza, likatumia virusi kuzifanya astrosaiti za hipokampasi zivimbe na kubadilika kama zinavyokuwa kwenye ubongo ulioumia. Glutamini sinthetesi ikashuka. Wakapima mawasiliano ya kusisimua wakayakuta yapo, wakapima ya kutuliza wakakuta yamedhoofika, na mtandao mzima umekuwa mwepesi kuwaka. Wakaongeza glutamini kwenye maji na ile nguvu ya kutuliza ikarudi.

Ndo maana huwa naitazama tofauti kidogo fenobabitoni, vile vidonge vya kifafa ambavyo kliniki zetu nyingi za wilaya wanavitoa kwa sababu ni bei rahisi na vinafanya kazi. Fenobabitoni inakaa kwenye kipokezi cha GABA, na GABA ikifika kipokezi kinabaki wazi muda mrefu kuliko kawaida, yaani GABA ile ile ndogo inatuliza zaidi. Dawa nyingine za zamani tunazozijua, kabamazepini na fenitoini, zinashika milango ya sodiamu ya nyuroni yenyewe isifyatue mfululizo. Zote zinamshughulikia nyuroni. Mgonjwa ambaye astrosaiti zake zimeacha kutengeneza glutamini anameza vidonge vile vile na mwenzake, na kile kidonge kinafanya kazi kwa GABA ambayo nyuroni imefanikiwa kuipata, kiasi chochote kile kilichopo.